Soma Volti za Betri Kabla Pikipiki Haijakuacha Porini



Siku hizi pikipiki ni sehemu ya boma. Inabeba maji, inapeleka maziwa sokoni, inamfuata mtaalamu ng'ombe anaposhindwa kuzaa. Ikigoma, hasara haiishii kwenye pikipiki.

Kiangazi kilichopita nilitoka na chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo ndani ya kisanduku cha barafu. Njiani nikaitwa kumtazama ndama mgonjwa, nikazima injini. Niliporudi, nilibonyeza starta ikatoa mlio mdogo tu, na pikipiki ile haina kiki. Tuliisukuma kwenye mchanga mpaka jua likawa la utosini. Chanjo nyingi za mifugo hutakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Barafu ilikuwa imeyeyuka na maji yake yamepata moto, nikaitupa chanjo yote. Mbuzi waliofungiwa zizini tangu alfajiri wakatolewa kwenda malishoni bila kuchanjwa.

Betri ile haikufa siku ile. Ilikuwa inakufa kwa wiki kadhaa, ila sikuwa na kitu cha kunionyesha. Kitu hicho ni geji ya volti, kifaa kidogo kinachofungwa kwenye usukani na kuonyesha namba. Kazi yake ni kama ya kipimajoto. Ng'ombe mwenye nyuzi 38 hadi 39 hivi tunajua yuko salama. Zikifika 40 na kuendelea tunatafuta ugonjwa kabla hajalala chini. Betri nayo ina namba zake.

KUFUNGA GEJI

Tafuta geji ya volti 12 isiyoingiza maji, yenye nyaya mbili: mwekundu na mweusi. Kama hujazoea umeme wa pikipiki, mwite fundi, lakini simama uone haya yanafanyika:

1. Zima pikipiki na utoe ufunguo. Kwenye betri, fungua kwanza upande wa hasi (−), ili spana ikigusa chuma isitoe cheche.

2. Funga geji kwenye usukani mahali utakapoiona ukiwa umekaa. Acha nyaya zilegee kidogo, kisha zungusha usukani kulia na kushoto uone hazivutwi. Zipitishe mbali na injini na bomba la moshi.

3. Waya mweusi uende kwenye upande wa hasi wa betri, au kwenye bolti ya fremu iliyokwanguliwa rangi na kutu.

4. Waya mwekundu uungwe kwenye waya unaopata umeme pale tu ufunguo unapofunguliwa. Kwenye pikipiki nyingi waya wa honi unafaa, ila upimwe kwanza. Usichukue umeme wa taa kubwa ya mbele. Kwenye pikipiki nyingi ndogo taa hiyo hulishwa na koili ya injini moja kwa moja, si betri, hivyo geji itadanganya au kuungua.

5. Weka fyuzi ndogo ya ampea 1 au 2 kwenye waya mwekundu. Waya ukichubuka, ikatike fyuzi badala ya pikipiki kushika moto.

6. Rudisha upande wa hasi wa betri. Mwambie fundi apime betri kwa mita yake, mlinganishe na geji. Geji ikisoma pungufu kwa 0.1 au 0.2, ikumbuke tofauti hiyo kila unaposoma.

Wapo wanaounga waya mwekundu moja kwa moja kwenye betri. Geji hiyo haizimiki usiku wala mchana. Hata ikila miliampea 20 tu, katika siku 10 itakuwa imenyonya karibu ampea-saa 5, na betri nyingi za pikipiki ndogo ni za ampea-saa 5 hadi 9.

KUSOMA GEJI: MARA TATU

Kwanza, asubuhi kabla ya kuwasha. Betri iwe imepumzika usiku kucha. Fungua ufunguo, zima taa, usome:
- 12.6 na kuendelea: imejaa.
- 12.4: imepungua kidogo, safari inawezekana.
- 12.2: imebaki nusu hivi. Usiende mbali kabla ya kuichaji.
- 12.0 na kushuka: ina njaa. Ichaji leo.

Pili, unapobonyeza starta. Namba itashuka kisha irudi. Ikishuka chini ya 10 wakati asubuhi ilionyesha 12.6, betri imechoka au vichwa vyake vimelegea. Safisha na ukaze vichwa kabla ya kuihukumu betri.

Tatu, injini ikiwaka. Ongeza mafuta kidogo, usisome ikiwa inaunguruma polepole:
- 13.5 hadi 14.5: betri inachajiwa vizuri.
- Inabaki 12 na kitu, na inazidi kushuka: chaji haifiki. Angalia fyuzi na vichwa vya betri, kisha fundi apime regyuleta na koili ya chaji.
- Zaidi ya 15: chaji imezidi. Regyuleta ni mbovu. Betri itachemka na balbu zitaungua.

Usomaji huu wa tatu ndio unaookoa mbuzi wako. Wengi wameuza mbuzi wakanunua betri mpya, nayo ikafa baada ya muda mfupi, kwa sababu ugonjwa haukuwa kwenye betri. Ulikuwa kwenye chaji. Ni kama kumpa ng'ombe dawa ya minyoo wakati anaumwa ndigana.

KUITUNZA

Wengi tunatumia betri ya pikipiki kuchaji simu, au kuwasha taa usiku fisi wakizunguka zizi. Hilo halina ubaya, ila tazama geji. Ikifika 12.2, zima taa na utumie tochi, la sivyo asubuhi hutakuwa na usafiri wa kumfuata daktari.

Betri yenye vifuniko vya maji, iongezee maji ya betri yaliyosafishwa mpaka kwenye mstari. Usiweke asidi, wala maji ya kisima, kwa kuwa yana chumvi. Iliyofungwa kabisa usiifungue.

BETRI ILIYOKUFA IKAE MBALI NA MIFUGO

Ndani ya betri kuna madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ng'ombe, hasa ndama, hupenda kulamba vitu, na betri iliyopasuka ni kitu kimojawapo. Aliyedhurika anaweza kuwa kipofu ghafla, kusaga meno, kuzunguka ovyo, kusukuma kichwa kwenye mti au ukuta, kupata degedege na kufa. Ukiona dalili hizi, muulize kila mtu wa boma kama kuna betri iliyotupwa, na uite mtaalamu mara moja. Usimchinje mnyama huyo kwa kula, wala usitumie maziwa yake.

Betri ya zamani irudishe kwa muuza betri au mnunuzi wa vyuma chakavu. Kabla ya siku hiyo, ihifadhi ikiwa imesimama, juu, mahali ambapo ndama na watoto hawafiki.

Kesho asubuhi, kabla ya kupiga starta, soma namba ya kwanza. Mfundishe na kijana anayeendesha pikipiki ya boma. Siku ya chanjo ikitangazwa, isome jioni ya siku iliyotangulia, ili kama kuna tatizo usiku mzima uwe wa kuchaji.