Mtihani wa Ughaibuni Hauji Wiki ya Kwanza

Vijana wetu wa Pwani wanapoabiri ndege kwenda kusoma Uturuki, Malaysia, India au Uingereza, wazazi huhofia wiki ya kwanza. Kumbe uzito huja baadaye.

Mwaka 1955, msomi wa Norwe, Sverre Lysgaard, alichapisha utafiti juu ya wenzake 200 waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Waliokaa chini ya miezi 6 walikuwa sawa. Waliolemewa ni wale wa kati ya miezi 6 na 18. Waliozidi hapo walitulia tena. Si wote hupitia hivyo. Wapo wanaoelemewa tangu siku ya kwanza.

Mwanzoni kila kitu kipya, hata baridi ni ya kupigiwa picha. Kisha upya unaisha na marafiki wa dhati bado hawajapatikana. Masomo kwa lugha ya kigeni yanachosha, usingizi unapaa, kijana anajifungia chumbani.

Mwanafunzi, ukipika pilau alika jirani. Ukikwama darasani, muone mhadhiri mapema. Vyuo vingi vina washauri nasaha. Kuwaendea si wazimu wala aibu.

Nanyi wazazi, mwana akipiga simu sauti imefifia, msimwambie tu "vumilia". Muulizeni: leo umekula na nani?