Familia Iliyoundwa kwa Runinga Kuukuu

Mwaka 1986 Nam June Paik, msanii mzaliwa wa Seoul, aliunda familia nzima kwa redio na runinga: babu na bibi, baba na mama, mjomba, shangazi na watoto. Kazi hiyo inaitwa Family of Robot. Babu na bibi wamejengwa kwa makabati ya mbao ya zamani, yenye kona za mviringo; watoto wamepewa runinga za miaka ya 1980. Ndani ya makabati ya wazee Paik alipachika vioo vipya vinavyorusha picha za video zenye rangi kali. Mtazamaji hutabasamu kabla hajaelezwa chochote, maana jicho linajua umri wa kabati kama linavyojua umri wa mtu.

Mchezo huu wa kuchezea runinga una msingi wa kitaalamu. Paik, aliyezaliwa mwaka 1932, alikuwa msomi wa muziki aliyehamia Ujerumani. Mwaka 1963, mjini Wuppertal, alionyesha runinga alizozichokonoa nyaya zake: moja ilibaki na mstari mmoja wa mwanga, nyingine ilichora maumbo mtu alipozungumza kwenye maikrofoni. Wakati huo kituo kilirusha na mtu akapokea. Paik aliifungua runinga, akaishika kama mchongaji anavyoshika mti.

Magnet TV ya mwaka 1965 inalionyesha hilo waziwazi. Katika runinga ya kichogo, ile ya zamani yenye mgongo uliotokeza, elektroni hufyatuliwa kutoka nyuma ya kioo, zikaelekezwa na sumaku za ndani ili zipige utando wa mbele, nao ung'ae. Paik aliweka sumaku kubwa juu ya runinga. Njia ya elektroni ikapinda, na picha ikawa wimbi linalojikunja. Ukiisogeza sumaku, wimbi hubadilika.

Sasa vifaa hivi vinakufa. Viwanda vya vioo vya kichogo vimefungwa, na makumbusho husaka vipuri kila pembe. Je, tubadilishe nini, tuache nini? Naamini jibu hutegemea mahali mchezo wenyewe ulipo. Kwa Magnet TV, uko ndani ya kichogo. Runinga bapa ya leo haina miale ya elektroni ya kupindishwa, kwa hiyo ukiiweka pale kazi imekwisha. Kwa babu wa roboti, uko kwenye mbao. Kioo cha ndani kinaweza kubadilishwa, lakini ukimvua kabati lake umemnyang'anya uzee.

Kazi kubwa zaidi imekwisha kupita kwenye mtihani huu. Mnara wa Paik ulioko Gwacheon, Korea Kusini, una runinga 1,003, idadi inayokumbuka tarehe 3 Oktoba, siku ya kukumbuka kuasisiwa kwa taifa la Korea. Ulijengwa mwaka 1988, ukazimwa 2018 kwa usalama, ukawashwa tena 2022. Runinga nyingi za kichogo zilifufuliwa, na zile zisizofufuka zikapewa vioo bapa.

Paik alifariki mwaka 2006. Uhai wa kazi zake umo mikononi mwa watunza makumbusho, na vilevile mwa mafundi wanaojua kufufua kichogo kilichozimika. Maarifa yao yanastahili kuandikwa na kurithishwa kwa uzito uleule tunaowapa wasanii.