Je, Wajua? Tashkent na Kamera Zake

Je, wajua kwamba hadi mwaka 2018 kupiga picha ndani ya metro ya Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, kulikuwa marufuku na polisi hawakuwa na mzaha? Treni hizo za chini ya ardhi zilianza mwaka 1977, za kwanza Asia ya Kati, na vituo vyake vilijengwa viwe pia mahandaki ya kujikinga na bomu la nyuklia. Kwa hiyo vilikuwa siri ya jeshi. Siri yenyewe, shuka kituo cha Kosmonavtlar uione: kuta za vigae vya buluu, na ndani ya miduara mikubwa Yuri Gagarin na Valentina Tereshkova wamevaa mavazi ya angani. Yumo pia Ulugh Beg, mtawala wa Samarkand wa karne ya 15 aliyeorodhesha nyota kabla ya darubini kubuniwa. Mimi ningemtanguliza yeye.

Je, wajua kamera ilifika huku ikifuatana na bunduki? Jenerali Konstantin von Kaufman, gavana mkuu wa kwanza wa Turkestan ya Kirusi, eneo lililojumuisha Tashkent, aliagiza albamu iliyokamilika miaka ya 1871 na 1872, yenye picha zipatazo 1,200: misikiti, masoko, mafundi, mavazi ya kila kabila. Sehemu yake ya historia imejaa maofisa na askari wa Kirusi walioiteka nchi. Mwenye kamera hakujisahau.

Mwenyeji naye hakuchelewa sana. Xudoybergan Devonov wa mji wa Khiva alijifunza upigaji picha kwa Mjerumani Wilhelm Penner, akawa baba wa picha na filamu za Wauzbeki. Aliuawa katika msako wa Stalin.

Je, wajua picha iliyoipa Tashkent jina huko Paris ni ya mama anayenyonyesha? Ilipigwa na Max Penson, Myahudi mzaliwa wa Velizh, mpiga picha wa gazeti la *Pravda Vostoka* tangu 1926. Picha yake ya mama wa Kiuzbeki ilipata tuzo kubwa katika maonyesho ya dunia ya 1937. Kumbuka mwaka 1927 Wasovieti walikuwa wameanza kampeni ya kuwavua wanawake chachvon, kitambaa cheusi kilichofumwa kwa singa za farasi kilichofunika uso mzima. Uso ulio wazi ulikuwa habari, na pia propaganda. Mwishoni mwa miaka ya 1940 chuki dhidi ya Wayahudi ilipopamba moto, Penson alipoteza kazi gazetini.

Afrika nayo ina kumbukumbu zake Tashkent. Oktoba 1958 waandishi wa Asia na Afrika walikutana huko, na mwanazuoni Mmarekani Mweusi W.E.B. Du Bois, mzee wa miaka 90 ambaye Marekani ilikuwa imemnyima pasi ya kusafiria kwa miaka kadhaa, alihudhuria. Mwaka 1968 likaanza tamasha la filamu za Asia na Afrika, na mtengeneza filamu Ousmane Sembène wa Senegali akawa miongoni mwa wageni wake.

Je, wajua ukumbi wa Ilkhom wa Tashkent, ulioanzishwa na Mark Weil mwaka 1976, ulikuwa kati ya majumba ya kwanza ya tamthilia yaliyojitegemea katika Umoja wa Kisovieti? Septemba 2007 Weil alichomwa kisu nje ya nyumba yake, akafa. Tamthilia aliyokuwa akiitayarisha ilichezwa kama ilivyopangwa.

Na je, wajua albamu ya picha iliweza kumpeleka mtu kizimbani? Mpiga picha Umida Ahmedova alichapisha picha za harusi, tohara na wanawake wa vijijini wakihangaika na kazi. Wataalamu wa serikali walidai mgeni akiziona atadhani Wauzbeki wanaishi zama za kati. Februari 2010 alitiwa hatiani kwa kuwakashifu na kuwatukana watu wake mwenyewe, kosa lililoweza kumfunga mtu, kisha akaachiwa papo hapo kwa msamaha wa sherehe za uhuru. Aliendelea kupiga picha, na mwaka 2016 akapewa tuzo ya Václav Havel.