Usimuuzie mteja tanki na samaki kumi siku moja

Unauza samaki wa mapambo mtandaoni? Hii inakuhusu. Mteja anachukua tanki na samaki kumi, wiki haijaisha anakutumia picha wanaelea, anadai hela yake. Mara nyingi samaki walikuwa wazima. Tanki jipya halina bakteria wa kuondoa amonia ya kinyesi na mabaki ya chakula, na hiyo ndiyo inaua.

Mwelekeze hivi:
✅ Maji ya bomba yakae wazi saa 24, klorini itoke.
✅ Aanze na samaki wawili watatu. Wengine awaongeze kidogo kidogo, baada ya wiki 4 hadi 6.
✅ Abadilishe robo ya maji kila wiki. Sponji ya filta aisuuze kwa maji aliyoyatoa kwenye tanki, bakteria wasife.

Leo utauza samaki wachache, ndiyo. Ila wakiishi, huyo mteja atarudi.