Dawa ya kupulizia ikikuharibu mwili, nani atalipa?

Ndugu wana koperative, kila mara tunapofundisha kupima dawa ndani ya pompi, maswali yanayokuja si ya kipimo. Watu wanatuuliza hivi: mwenzetu amepulizia miaka mingi kwa patro, leo mikono inatetemeka, pumzi inakata, nani atamutunza?

Swali ni la haki. Dawa za wadudu kama klorpirifosi zinagusa mishipa ya fahamu: jasho, mate mengi, macho kuona kiwingu. Parakwati, ile ya kuua majani, inaharibu mapafu, na haina dawa ya kuizuia. Ulaya waliikataza tangu 2007.

Kongo yetu iko na sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016. Ugonjwa wa kazi uko chini ya CNSS, ile iliyoitwa zamani INSS. Kwa jambo hilo patro analipa 1,5 kwa mia ya mshahara, yeye peke yake. Mfanyakazi hakatwi kitu. Mgonjwa anapata matunzo, posho ya siku asizofanya kazi, na rente kama kilema kinabaki.

Shida kubwa ni jurnalie. Patro anasema: «Huyu ni mtu wa siku kwa siku, simujui.» Musikubali mbio! Kodi ya kazi ya 2002, artikle 40, inasema: ukiisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, na akikuita tena mbele miezi hiyo haijaisha, unahesabiwa kuwa na kontra isiyo na mwisho. Basi andikeni siku zenu ndani ya daftari, hata kwa kalamu ya risasi, pamoja na jina la kapita aliyewahesabu.

Kwenye kituo cha afya usiseme tu «kichwa kinaniuma». Sema ulipulizia nini na siku gani, muganga aandike jina la dawa ndani ya fishi. Etiketi ya bidoni muipige picha kwa simu. (Bidoni yenyewe isiende nyumbani kuwekea maji, tumeshasema mara ngapi?) Patro akikataa kutangaza ugonjwa, pelekeni makaratasi hayo kwa inspekta wa kazi.

Na koperative zinazokodi vijana kupulizia kakao ao kahawa: hapo patro ni ninyi. Ile 1,5 inawahusu. Komite iulize CNSS namna ya kujiandikisha mbele ya msimu kuanza, kijana wa kwanza hajabeba pompi.