Shairi la 1770 na ardhi ya Malili

Wanafunzi wengi huona ushairi wa kale wa Kiingereza kuwa mambo ya mbali. Huenda hawajakutana na Oliver Goldsmith, mzaliwa wa Ireland, aliyechapisha "The Deserted Village" mwaka wa 1770.

Shairi hilo linasimulia kijiji cha Auburn, ambacho wakazi wake waliondolewa ili tajiri apate nafasi ya bustani. Wengi huamini kuwa alikifikiria kijiji cha Nuneham Courtenay, karibu na Oxford, kilichohamishwa na mwenye ardhi katika miaka ya 1760 kwa kuwa kiliharibu mandhari ya jumba lake.

Malili, katika Kaunti ya Makueni, ina kisa cha aina hiyo. Mwaka wa 2009 serikali ilinunua ekari 5,000 za ranchi ili kujenga jiji la teknolojia la Konza. Januari 2013 Rais Mwai Kibaki akaweka jiwe la msingi. Tofauti ni kubwa, na haifai kufichwa: ranchi ilikuwa mali ya wanahisa, nayo iliuzwa. Hata hivyo, baadhi yao walilalamikia mauzo hayo, na wenye mashamba katika ukanda wa kilomita 10 kulizunguka jiji wakawekewa vikwazo vya ujenzi.

Wanakijiji wa Goldsmith huabiri meli kwenda Amerika. Majirani wa Konza wangalipo, na swali la fungu lao wanaweza kulipeleka wenyewe katika bunge la kaunti, mjini Wote.