Mgonjwa wa Tumbaku Asiyevuta

Mchuma tumbaku wa Kuria, kaunti ya Migori, hasubiri umande ukauke. Majani anayavunja kuanzia chini ya mche, anayabana kwapani mpaka yajae, na ikifika saa tatu nguo imelowa hadi ngozini. Viganja vimeshika utomvu mweusi ambao sabuni ya kipande haiutoi. Halafu kichwa kinaanza kuzunguka, chai ya asubuhi inarudi.

Huo ndio ugonjwa wa tumbaku mbichi. Nikotini huyeyuka katika maji yaliyo juu ya jani, ikapenya ngozi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kwa siku moja mkulima anaweza kufyonza nikotini ya sigara 50, na huenda hajawahi kuwasha hata moja. Akienda zahanati ataulizwa kama anavuta. Akisema havuti, si ajabu arudi nyumbani na dawa za malaria.

Kampeni zetu humtazama mvutaji: maonyo kwenye pakiti, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, marufuku ya kuvuta hadharani. Ni sawa. Ila wa shambani huambiwa avae glovu na koti la mvua. Anayesema hivyo hajachuma chini ya jua la saa sita.

Si kwamba mkulima hajui madhara; amefungwa na mkopo. Kampuni humpa mbegu, mbolea na dawa kwa mkataba, kisha hukata deni lake siku ya mauzo, majani yakishapangwa kwa gredi. Toka kitaluni hadi sokoni ni miezi tisa hivi. Lakini mnunuzi yupo, ahadi ambayo mahindi hayana.

Kwa hiyo mradi wa Mashamba Bila Tumbaku, ulioanzishwa Migori na serikali pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa, WHO, FAO na WFP, haukuleta mahubiri. Ulileta mbegu ya maharagwe ya Nyota, yenye madini mengi ya chuma, pamoja na mnunuzi. Msimu wa kwanza waliingia wakulima 330. Maharagwe hayo hukomaa kwa miezi miwili na kitu, na mama huyavuna mtoto akiwa mgongoni.

Wasiwasi wangu ni huyo mnunuzi. Akichelewa msimu mmoja, na karo inadaiwa, yule wa tumbaku bado anaijua njia ya Kehancha, huko Kuria.